Miwani Aliyoisifu Baba

Nyumbani,
Jumatano jioni.

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo. Ukiwa na barua hii mkononi, basi jirani yetu fundi cherehani amefika salama huko alikokwenda kununua vitambaa, na mimi naweza kupumua. Nimemkabidhi yeye kwa sababu si mtu wa kuchungulia vya watu. Hali yako lakini? Mgongo unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema kuinamia mashuka ya hoteli kutwa nzima kumekukaza kiuno mpaka unapanda ngazi kwa kushika ukuta. Tafadhali usijikaze kisabuni. Mwambie msimamizi wako, na kama hasikii, mwambie tena.

Mimi sijambo. Shule inaendelea vizuri. Mwalimu wa lugha bado ananirudishia insha zikiwa zimejaa wino mwekundu pembeni, lakini mwaka huu amenipa kazi ya kusoma matangazo mbele ya wenzangu asubuhi, kwa hiyo nadhani hajanikatia tamaa. Baba naye anasema hajambo. Nimeandika "anasema" kwa makusudi, na utaona kwa nini.

Utajiuliza kwa nini barua wakati simu ipo. Simu ipo, ila unajua baba anavyoipokea. Akisikia ni wewe tu, anafungua sauti ya nje, anaiweka mezani katikati ya chumba chake cha gemu, na kila aliyemo anakusalimia. Kinyozi wa mlango wa pili anaacha kichwa cha mtu nusu anakuja kukuuliza utamletea nini. Mle ndani huwezi kusema neno la siri. Baba mwenyewe analijua hilo, ndiyo maana ameniagiza nikuandikie. Alisema mambo ya pesa hayazungumzwi mbele ya wateja, nichukue karatasi nikukumbushe kwa adabu kwamba mwisho wa mwezi umekaribia, na duka linasubiri pesa iliyobaki ya ile miwani.

Hiyo ndiyo barua aliyoniagiza. Ninayoandika ni hii. Nakuomba, dada, usitume pesa hiyo kabla hujafika mwisho wa maneno yangu. Ukishafika, utaamua mwenyewe.

Nianze na chumba cha gemu, maana tangu uondoke kimebadilika. Ukuta umepakwa rangi upya kwa kimo cha mkono wa baba, juu bado ni ule wa zamani. Viti ni vilevile, na kile chenye mguu uliofungwa waya bado kinawaangusha wageni. Sheria ya baba pia ni ileile: anayefungwa ndiye anayelipa, anayeshinda anabaki kwenye kiti, na mkitoka sare mnarudia bure. Unakumbuka alivyokuwa akijivunia hiyo sare ya bure. Alisema ndiyo inayowatofautisha wateja wake na wa wengine, kwamba mtu akitoka sare asitoke na kinyongo.

Sasa mwaka huu sare zikawa nyingi. Mwanzoni sikutilia maanani. Nikirudi shule nakuta watu wamebanana kwenye benchi, pedi za kuchezea zinagombewa, kelele mpaka barabarani, lakini kisanduku cha pesa kikitikiswa kinalia kama njuga moja. Baba akiita kutoka kwenye kiti chake kwamba ngapi ngapi, wanajibu kwa pamoja kuwa sare, Fundi, maana siku hizi baba wanamwita hivyo, na mpira unaanza upya. Hata yule tunayemwita Golikipa, ambaye wewe mwenyewe uliwahi kumfunga huku unamenya viazi, akawa anatoka sare na kila mtu. Siku moja nilisimama nyuma yake nikaona kwenye skrini amefungwa vibaya sana. Mwenzake akamkonyeza, wakaizima mechi, wakaitikia sare. Nilimwambia baba palepale kwamba anaibiwa. Golikipa akasema huyu mtoto kasoma sana, sasa anataka kuwa refa. Watu wakacheka. Baba naye akacheka, akaniambia niwaachie, wanajifurahisha tu. Niliumia kwamba alikuwa upande wao.

Katikati ya mambo hayo ndipo ikaja habari ya miwani. Wenyewe kwenye tangazo wanaiita miwani ya uhalisia pepe, lakini mtaani jina hilo halikukaa mdomoni mwa mtu, kila mmoja anasema miwani tu. Baba aliisikia redioni. Walisema unaivaa usoni inakufunika macho yote, na mchezo haupo tena mbele yako, uko ndani yake. Ukigeuka nyuma kuna nyuma, ukitazama juu kuna juu. Baba aliongeza sauti ya redio mpaka kinyozi akaja kuuliza nani kafa. Tangu siku ile hakuwa na habari nyingine. Kila mteja aliyeingia aliambiwa kwamba miwani itakapotoka itaonekana kwanza kwa Fundi, siyo kwingine. Kinyozi akawa anamtania, anasema watu wazima watakaa wamefunikwa uso kama watoto wanaocheza kujificha, na wezi watabeba viti wakiwa wamekaliwa. Baba alimjibu kwamba hata yeye atakuja kulipa, na atakatiwa tiketi na mikasi yake mfukoni.

Bei ndiyo haikujulikana. Kampuni inayoitengeneza ilikuwa inaficha. Walitangaza siku ya kuitoa, wakaiahirisha, wakatangaza nyingine. Kila mtu alikuwa na bei yake kichwani. Meneja wa lile duka kubwa la vifaa vya umeme, lile lenye vioo mpaka chini, alimwambia baba asiwe na wasiwasi, bei haitazidi ya simu nzuri. Maneno hayo baba aliyashika kama mtu aliyeandikiwa hati. Akaambiwa pia kwamba wanaotaka kuwa kwenye mzigo wa kwanza waweke malipo ya kutanguliza kabla bei haijatangazwa. Wewe uliambiwa kwamba aliuza runinga mbili mbovu akapata pesa ya kutanguliza. Dada, hazikuwa mbovu. Aliuza zile mbili kubwa, pamoja na mashine zake na pedi zake zote, kwa kijana mmoja wa mtaa wa nyuma. Kijana huyo sasa kafungua chumba chake mwenyewe, na nusu ya wateja wetu wako huko, wanacheza kwenye skrini zetu. Kwetu zimebaki mbili ndogo, na moja ukiiwasha inaanza kijani kibichi mpaka ipate moto. Nilipomuuliza baba kwa nini auze nzuri abakize mbaya, alisema runinga zote karibu zitakuwa vyuma chakavu, miwani ikishaingia nani atatazama ukuta.

Siku ya kuitoa ilikuwa Jumamosi iliyopita. Baba alivaa shati lile la harusi ya shangazi, akaniambia nimsindikize. Njiani alinishika bega, akasema watu ni wengi tusipotezane. Dukani walikuwa wamefunga maputo mlangoni na spika mbili zilizokuwa zinapiga muziki mpaka vioo vinatetemeka. Wafanyakazi wote walivaa fulana za rangi moja. Katikati palikuwa na meza, juu yake miwani nyeusi imekaa kwenye kichwa cha plastiki kisicho na macho, na pembeni kibao cha bei kimefunikwa kitambaa chekundu. Golikipa alikuwepo, kinyozi alikuwepo, hata mama mwenye duka la viatu alifunga duka akaja. Watu walikuwa wanabahatisha bei na kubishana kama wanaonunua wao.

Meneja alizungumza kwa muda mrefu kuhusu ulimwengu mpya. Halafu akavuta kitambaa.

Sijawahi kusikia watu wengi namna ile wakinyamaza kwa pamoja. Kilichosikika ni muziki peke yake, na hata huo nadhani mtu aliupunguza. Golikipa akauliza kwa sauti ya upole kama ile ni bei au ni namba ya simu ya duka. Hapo watu wakapasuka kucheka, lakini kilikuwa kicheko cha mtu aliyejikwaa mbele ya wageni. Ile bei, dada, ni kama ya runinga zetu zote nne na mashine zake na viti juu yake. Mtu mmoja nyuma yangu alisema basi miwani hiyo wavae wenyewe waliotengeneza. Meneja akaeleza kwamba wote wanaotangulia watapewa kofia na mchezo mmoja bure. Nilimwona mama wa duka la viatu akiitazama ile kofia kwa huruma.

Baba aliniinamia akaniuliza ni ngapi. Nilidhani hakuamini, nikamsomea. Akaniambia nisome tena, nikasoma tena, pamoja na maneno madogo ya chini ambayo sikuyapenda. Yalisema kwamba miwani haifanyi kazi peke yake, inahitaji kuunganishwa na kompyuta yenye nguvu, na kompyuta hiyo haimo kwenye boksi. Baba akamuuliza meneja kama haiwezi kuunganishwa kwenye mashine ya gemu ya kawaida. Meneja akasema, bila ubaya lakini watu wakisikia, kwamba mzee, hiyo ni sawa na kufunga injini ya ndege kwenye baiskeli.

Watu wakaanza kutoka. Baba hakutoka. Alipapasa kola ya shati lake, kisha akasema kwa sauti ya kazi kwamba bei kubwa ndiyo nzuri. Akaeleza kwamba kama kila mtu angeweza kununua, nani angekuja kulipa kucheza kwake? Wakishindwa kununua ndipo watakuja. Meneja akampiga bega, akasema huyu mzee anaijua biashara. Akaandikiwa kwamba pesa iliyobaki ilipwe kufikia mwisho wa mwezi, la sivyo miwani itapewa anayefuata. Nami niliuliza, kwa kuwa baba hakuuliza, kwamba mtu akijitoa kabla ya hapo inakuwaje. Wakasema anarudishiwa alichotanguliza, chote. Baba akaniambia hayo ni mambo ya watu wazima. Kisha akakupigia simu palepale, na sauti ya nje akaifungua. Nilikusikia ulivyonyamaza kabla ya kusema sawa, baba, nitajitahidi. Wengine walipiga makofi. Mimi nilijua kile kimya kilikuwa mashuka mangapi.

Kama ingeishia hapo nisingekuandikia. Ningesema baba ana ndoto yake na wewe umekubali kuibeba, mimi ni nani niingilie. Lakini baada ya hapo watu walioweka pesa na waliokuwa wanatamani waliruhusiwa kujaribu, mmoja mmoja. Kulikuwa na dada wa dukani, mpole, aliyekuwa akiwavisha miwani, akiwafunga mkanda nyuma ya kichwa na kuwashika mkono wasianguke. Wakishavaa wanajikuta juu ya ghorofa refu, ukingoni kabisa, mji wote uko chini, halafu kundi la ndege linawajia usoni. Nimeyajua hayo kwa kusikia, maana kila aliyevua alikuwa anasimulia kwa pumzi. Mama wa duka la viatu alipiga magoti akamkumbatia yule dada miguu, akamwomba amteremshe. Kinyozi alirusha mikono akifukuza ndege akampiga meneja kofia ikaruka. Golikipa alirudi nyuma, akajikwaa kwenye waya, akakaa chini kama gunia, na watu wakasema hata hewani anafungwa.

Akafuata baba. Akavishwa, akafungwa mkanda. Akasimama wima, mikono ubavuni, kama askari anayekaguliwa. Hakuinama, hakuyumba, hakurusha mkono. Baada ya kitambo akaanza kusema kwamba safi, safi sana. Akasema anaona mji wote kule chini. Akasema ndege wale wanakuja, wazuri kweli, na hata hapo hakukwepesha kichwa. Watu wakamsifu, wakasema Fundi ana moyo wa chuma, angalia alivyotulia. Mimi nilikuwa mbele yake, karibu kama ulivyo mlango na kitanda chako, na nilikuwa natazama kijitaa kilicho kwenye paji la ile miwani. Kwa wengine wote kilikuwa kinawaka buluu. Kwa baba hakikuwaka.

Golikipa alipojikwaa kwenye ule waya aliuchomoa, dada. Miwani ilikuwa imezimika. Baba alisimama gizani mbele ya watu, akasifu ndege.

Yule dada wa dukani aliona sawasawa na mimi nilivyoona. Alitazama chini, akaufuata waya kwa macho mpaka kwenye ncha yake iliyokuwa sakafuni, kisha akanitazama. Nadhani alikuwa anangoja nimwambie la kufanya. Nilitikisa kichwa kidogo. Akamvua baba miwani kwa adabu, akamwambia hongera mzee, umeiweza. Baba akamshukuru. Wakati wa kutoka yule dada alinishika mkono, akaniambia mdogo wangu, mpeleke. Hakusema wapi.

Njia nzima nilihesabu mambo niliyoyaona nisiyaelewe. Rangi ya ukuta iliyofika kimo cha mkono. Kuuliza ngapi ngapi badala ya kugeuka kutazama. Chai ambayo humimina akiwa ameingiza kidole kikombeni. Mimi nilimsema kwamba ni uchafu. Simu yenye sauti ya nje, ambayo nilidhani ni majivuno. Bega langu. Tangu mama atutoke hakuna mtu mzima wa kulala naye nyumba moja akamjua, na mimi niliyekuwa naye kila siku nilikuwa nasoma vitabu.

Sikusema neno siku ile wala iliyofuata. Jumatatu, wateja walipokwisha kutoka, nilikaa karibu naye nikamwambia ukweli kwamba miwani haikuwa imewaka. Nilitegemea atakasirika. Alikaa akipangusa pedi moja kwa kitambaa, akaendelea kuipangusa hata ilipokuwa safi. Kisha akaniambia kwamba jicho la kushoto lilikwisha kuondoka kabla mimi sijaanza shule. La kulia limekuwa likififia pole pole, anaona kama mtu anayetazama kupitia mfuko wa nailoni. Alisema aliposikia redioni kwamba skrini ya miwani inakaa sentimita chache tu mbele ya jicho, alijiambia labda kitu kikiwa karibu kiasi hicho kitaingia. Alipovaa akakuta giza alidhani ni macho yake ndiyo yamekwisha kabisa. Akaona aseme tu kile alichosikia wenzake wakisema, ili atoke pale akiwa amesimama.

Nilimuuliza kwa nini basi bado anaitaka. Hapo dada ndipo palinikata maini. Alisema mle ndani ya miwani kila mtu anaona peke yake. Hakuna skrini ya watu wote, hakuna wa kumwita Fundi njoo uangalie, hakuna wa kujua nani anaona na nani haoni. Yeye atakuwa mlangoni tu, anapokea pesa mkononi na kumfunga mtu mkanda, na hiyo mikono yake inaiweza. Alisema ataendelea kuwa na chumba chake. Na habari ya sare anaijua yote. Goli lina kelele yake, pedi ya aliyefungwa inashikwa kwa namna yake, anasikia kabisa Golikipa alivyofungwa. Lakini akibisha watamwambia haya, tazama mwenyewe. Kwa hiyo anawaachia sare.

Jana baada ya shule nilikwenda kwenye kliniki ya macho iliyo nyuma ya ofisi ya maji. Muuguzi alikuwa amechoka lakini alinisikiliza. Alisema hawezi kuzungumzia jicho ambalo hajaliona. Kama ni mtoto wa jicho, wanasafisha kwa upasuaji na watu wengi huona tena. Kama ni presha ya macho, kilichoondoka hakirudi, lakini kilichobaki kinaweza kushikiliwa kisiondoke. Alisema kwa vyovyote vile kila mwezi unaopita una uzito wake. Gharama aliyonitajia si ndogo kwetu, ila si ya kutisha kama ya kile kibao cha dukani. Pesa iliyotangulizwa dukani, ikirudi, inaifikia na kubaki. Nilimweleza baba. Akasema miwani kwanza, macho baadaye. Chumba kikisimama ndipo atakuwa na nafasi ya kujitibu. Akaniambia nichukue karatasi nikuandikie.

Kwa hiyo ninachokuomba ni usitume. Ukituma, miwani itakuja, itakaa kwenye boksi ikisubiri kompyuta, na baba atakaa mlangoni akisubiri nayo mpaka jicho lile moja lizime. Ukikataa ataona umemwangusha mbele ya watu, na hasira yake itakuwa juu yako wakati kosa si lako. Najua nakuomba kitu kizito. Baba haoni, dada. Sikuweza kulala na neno hilo peke yangu.

Nasimama hapa, mwanga umepungua na yeye anakuja.

Alhamisi mchana.

Naendelea. Jana baba alipoingia aliuliza kama nimemaliza, nikasema karibu. Akavuta kiti, akasema nimsomee kabla sijafunga, ajue kama nimeweka adabu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilikuwa na barua nyingine kichwani, fupi, ya kukumbusha pesa, na ningeweza kumsomea hiyo huku nimeshika karatasi hizi. Asingejua. Nikaanza hivyo hivyo, nikamsomea salamu na mgongo wako, na alitikisa kichwa akafurahi. Halafu nikaona kwamba ninachofanya ni kumwambia sare kama wale wengine. Nikarudi juu nikamsomea kama ilivyoandikwa, yote, pamoja na kile kijitaa. 

Nilipomaliza nilidhani ataichana. Kisha akasema kwamba nimeandika vizuri ila nimeongopa pawili. Golikipa hakufungwa na wewe ukimenya viazi, ilikuwa vitunguu. Na kusema baba haoni si kweli. Anaona kidogo, hasa asubuhi, akikaa dirishani. Alitaka nirekebishe. Sikufuta, lakini naandika hapa kama alivyosema: baba anaona kidogo.

Kuhusu pesa alisema ni jasho lako, hawezi kukuamulia, na ukikataa hatakununia. Hakusema kwamba ameiacha miwani. Nilimwuliza tena kuhusu kliniki, akasema tumechoka, tukalale. Lakini leo asubuhi nikivaa viatu vya shule, yeye akiwa dirishani na chai yake, aliniuliza kama mtu anayeuliza habari ya mvua kwamba ile kliniki ya nyuma ya ofisi ya maji hufungua siku gani. Nikamwambia hata kesho wapo. Akasema kesho ana kazi. Sijui kazi gani. Hakusema keshokutwa ana kazi.

Fundi cherehani anaondoka jioni hii, lazima nifunge. Kinyozi anakusalimu, na Golikipa anauliza viatu ulivyomwahidi. Mwambie rafiki yako wa chumba kwamba ile sabuni aliyonitumia bado ninayo, naitumia siku za mtihani tu. Jitunze, kula chakula cha mchana hata kama kazi imekubana, na ukipiga simu ongea nasi kama kawaida. Nitaelewa kutokana na utakavyonyamaza.

Baba ameomba aweke sahihi yake pia. Nilimwekea ncha ya kalamu mahali pa kuanzia, naye akaandika mwenyewe. Imepanda juu kidogo ikapita kwenye mstari wangu. Tafadhali usidhani ni uchafu.

Ndimi mdogo wako akupendaye,
kitinda mimba,

na Baba.